Kufunga na Kufungua: Historia ya Sheria za Kamba wa Ghuba ya Ungwana kwa Jicho la Mfugaji

Takaba, mji wa Mandera Magharibi, hauna bahari wala mto wa kudumu. Maji ni ya silanga na visima, mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na samaki si chakula cha kila siku. Hata hivyo, msomee mzee wa Kigarre sheria za uvuvi wa kibiashara wa kamba huko Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya, na kifungu kimoja hatahitaji kuelezwa: kile kinachofunga uvuvi kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Katika nchi ya Wagarre na jirani zao Waborana, malisho ya kiangazi hayaguswi wakati wa mvua. Mifugo huondolewa karibu na visima na kupelekwa mbali, kwenye madimbwi, ili nyasi zipumzike mpaka madimbwi yakauke. Kisimani nako kuna mpanga zamu, ambaye Waborana humwita aba herega. Anayeruka zamu hupelekwa mbele ya wazee. Kanuni hizi hazikuandikwa popote, lakini anayezivunja hujulikana kabla jua halijazama. Kule baharini, kanuni za namna hiyo ziliandikwa mapema katika vitabu vya serikali, na ikapita miaka mingi kabla ya kufuatwa. Kwa nini?

Tuanze na maji. Kaskazini Mashariki, eneo lenye Takaba na Garissa, na Ghuba ya Ungwana zimeunganishwa na Mto Tana. Mto huo hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita Garissa, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,000 ukaingia baharini Kipini. Maji yake, pamoja na ya Mto Sabaki unaoingia baharini upande wa Malindi, huleta tope na rutuba. Kamba hukulia humo, katika mikoko na midomo ya mito, kisha hutoka kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvi kali. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina miamba, na sakafu ya bahari huzama ghafla. Ungwana ni tofauti: maji ni ya kina kifupi hadi mbali, na chini ni tope na mchanga. Nyavu zinaweza kukokotwa bila kuchanika.

Wavuvi wa Ngomeni, Kipini na Ozi waliwavua kamba hao kwa vyombo vidogo muda mrefu kabla ya meli kuja. Baada ya uchunguzi wa miaka ya 1960 kuonyesha kwamba ghuba ina kamba wa kutosha biashara, trola zilianza kazi katika miaka ya 1970. Trola hukokota wavu mzito wenye umbo la mfuko juu ya sakafu ya bahari. Wavu huo hauchagui. Hubeba kamba, vifaranga vya samaki, kaa, taa na kasa, na mara nyingi uzito wa visivyokusudiwa huushinda ule wa kamba wenyewe. Hali hii si ya Kenya pekee. Mwaka 1994 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha makadirio kwamba uvuvi wa kibiashara duniani ulikuwa ukitupa baharini tani milioni 27 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ilitoka kwenye nyavu za kamba.

Sheria ya kwanza yenye uzito ilihusu umbali. Chini ya Sheria ya Uvuvi, Sura ya 378, trola zilitakiwa kubaki nje ya maili 5 za baharini kutoka ufukweni, yaani kilomita 9 na ushee. Kwenye karatasi hilo lilitosha. Lakini kamba walikuwa ndani ya mstari huo, na meli ziliwafuata walipo. Mvuvi mdogo aliyetega jarife jioni aliweza kufika asubuhi akakuta limekatwa na kukokotwa. Alikuwa na malalamiko, ila hakuwa na mashine ya kuthibitisha kwamba meli ilikuwa ndani ya mstari. Mpaka usiomwonyesha mtu aliyeuvuka haulindi chochote.

Sheria ya pili ilihusu kasa, na hii msukumo wake ulitoka ng'ambo. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha kifungu cha kuzuia kamba wa kigeni waliovuliwa kwa njia inayoua kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zililalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani, na uamuzi wa rufaa wa 1998 ukaweka wazi kwamba nchi ina haki ya kulinda viumbe hao mradi isibague wauzaji. Nchi zenye trola zikaanza kudai kifaa cha kumtoa kasa wavuni, na Kenya nayo ikakiweka katika masharti.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni fremu yenye vyuma vilivyosimama, imeshonwa kwa mshazari ndani ya wavu karibu na mfuko wa mwisho, na kati ya chuma na chuma kuna nafasi ya takribani sentimeta 10. Kamba hupita katikati, wakaingia mfukoni. Kasa hugonga vyuma, huteleza kufuata mshazari, na kutokea kwenye mlango wa wavu unaofunguka kwa uzito wake. Aliyekibuni, Sinkey Boone wa Georgia nchini Marekani, alikuwa mvuvi wa kamba aliyechoshwa na viwavi vya baharini vilivyojaza wavu wake. Kasa walinufaika baadaye. Huenda ndiyo sababu kifaa kilifanya kazi: kilizaliwa mikononi mwa mtu aliyevuta wavu huo kila siku.

Ugomvi wa Ungwana haukwisha kwa kifaa hicho. Mnamo Septemba 2006 serikali ilisimamisha trola zote katika ghuba. Kwa miaka mitano hivi meli zilikaa, na katika kipindi hicho ukaandikwa mpango maalumu wa usimamizi wa uvuvi wa kamba, uliokamilika 2010. Trola ziliporudi 2011 zilikuta masharti mapya. Ziruhusiwe mchana tu. Zibebe kifaa cha kasa. Zibaki nje ya maili 3 za baharini. Na zisivue kabisa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31.

Msomaji atagundua kwamba mstari ulisogezwa karibu na ufukwe, kutoka maili 5 hadi 3. Wavuvi wengi hawakulifurahia hilo, na haki wanayo. Lakini tazama ile miezi mitano. Novemba hadi Machi ni kaskazi. Bahari hutulia, na mashua ndogo na mitumbwi huweza kutoka mbali. Kusi likivuma, chombo kidogo hubaki karibu na nchi kavu, na meli yenye injini kubwa hubaki peke yake nje. Kufunga msimu wa kaskazi kwa hiyo kulifanya mambo mawili: kuliwapumzisha kamba, na kukampa mnyonge bahari katika miezi anayoiweza. Hapo ndipo mzee wa Takaba anaitambua sheria yake. Zamu ya kisimani nayo hupanga saa ya kunywesha na pia mtu wa kunywesha.

Wavuvi wa samoni huko pwani ya magharibi ya Marekani walifika kwenye mgawo wa namna hiyo kupitia mahakama. Baadhi ya samoni huvuliwa kwa boti zinazopita polepole zikivuta mishipi ya ndoana, na kila msimu hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe. Hata hivyo, kwa miaka mingi tarehe hizo ziliwaacha wenyeji wa asili na mabaki, mpaka Februari 1974 Jaji George Boldt alipoamua kwamba mikataba ya zamani iliyapa makabila ya jimbo la Washington haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Baada ya hapo makabila yakaketi kwenye meza ya kupanga misimu. Nchini Kenya nako wavuvi walipewa nafasi mezani: kanuni za 2007 zilianzisha vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 ikavipa nguvu zaidi. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayogusa malisho ya Mandera na Garissa.

Si bure kwamba mambo hayo yalikwenda pamoja. Katika miaka ya 1970, trola zilipokuwa zikianza kazi Ungwana, mradi wa mifugo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliigawa Kaskazini Mashariki katika maeneo ya malisho na kuchimba maji mapya. Maji yalipatikana, lakini mara nyingi mpanga zamu hakuwepo, na nyasi zilizoizunguka mitambo ya maji zikaliwa mpaka mchanga. Mbugani na baharini kosa lilikuwa moja: rasilimali ilifunguliwa kwa wote, na mamlaka ya kuifunga yakawekwa ofisini, mbali na macho.

Lipo jambo moja ambalo hata sheria nzuri ya kamba hailiwezi. Mabwawa ya Tana, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yalibadilisha mafuriko na kuzuia sehemu ya tope. Delta ya Tana ilitangazwa eneo la ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012, lakini maji yanayoilisha huamuliwa mamia ya kilomita juu yake. Mkulima wa Garissa anayengoja mafuriko na mvuvi wa Kipini anayengoja kamba wanategemea milango ileile ya zege. Msimu wa kaskazi umekwisha kupata wapanga zamu wake. Mto bado haujapata, na baraza la kumtafuta mpanga zamu huyo halitakamilika bila watu wa Garissa.