Siku mwami alipokiri kosa mbele ya watu wake

Mwaka 1956, katika misitu ya Walikale, magharibi mwa Goma, msimulizi Shekarisi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kwa muda wa siku 12. Mkononi alitikisa kibuyu, miguuni alivaa njuga, na vijana walimpigia mdundo kwa vijiti. Mtafiti wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwepo kuhakikisha simulizi lote linaandikwa kwa Kinyanga, lugha ya Wanyanga wa huko. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyebobea katika lugha yake, walilichapisha Marekani pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hivyo utendi wa Mwindo ukatoka Kivu na kusomwa duniani.

Utendi huu unasifiwa kwa maajabu yake. Mimi naupenda zaidi kwa sababu watu wake husema yaliyomo moyoni bila kuficha.

Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Sita walizaa wasichana. Wa saba alimzaa Mwindo, aliyekuja duniani akicheka, akisema na kutembea. Baba alimrushia mkuki, akamzika angali hai, mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto hakunyamaza. Humo ngomani aliimba uchungu wa kukataliwa na baba yake, akaimba pia kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Wasichana walioteremka kuteka maji ndio walioikuta ile ngoma ikiimba.

Baadaye mambo yaligeuka: Mwindo alirudi kupambana na baba yake. Baba akakimbilia kuzimu na mwana akamfuata. Kabla ya kushuka, Mwindo alimwachia shangazi ncha ya kamba: ikitulia, ajue kwamba mpwa wake amekufa. Kamba ilitulia kweli, na Iyangura akalia. Msimulizi hakuona haya kusimamisha safari ya shujaa ili tumsikie shangazi huyo akilia.

Mwindo alifufuka, akamrudisha baba yake Tubondo. Hapo ndipo penye kilele cha utendi, na hakina vita. Watu wamekusanyika. Iyangura anamkemea kaka yake waziwazi: alikosea kwa kuwabagua watoto, huyu mwema, yule mbaya, wakati hata yeye hakujua kilichomo tumboni. Shemwindo anakiri ubaya aliomtendea mwanawe. Mwindo naye anasimama kumtoa baba hofu: hana kinyongo, na waliyotendeana yamekwisha. Nchi inagawanywa kati yao wawili.

Katika utendi wa Kigiriki wa Homer, mfalme Priam na Achilles, aliyemuua mwanawe, wanalia pamoja hemani, usiku. Kwa Wanyanga, majuto ya mwami yanasemwa hadharani, mbele ya raia waliopatwa na madhara ya kosa lake.

Hata shujaa mwenyewe hakuepuka kufundishwa. Alipomuua joka Kirimu, Nkuba, bwana wa radi na rafiki wa joka hilo, alimpandisha angani kwa mwaka mzima. Baridi, mvua na jua kali vilimfundisha huruma.

Goma leo kuna familia nyingi kutoka Walikale, na nchi yetu imejaa wenye silaha wasiokubali kamwe kwamba walikosa. Watoto wetu wasomeshwe Mwindo, kwa Kinyanga na kwa Kiswahili, wajue kwamba wazee wa mkoa huu walimhesabu mwami anayekiri kosa kuwa anafaa kubaki mwami.