Hema la msaada: makazi ya muda Gatumba na gharama zake

Hema la msaada hutolewa bure, na anayelala ndani yake halipi pango. Kwa sababu hiyo wakazi wengi wa Bujumbura hudhani kwamba kuishi kambini ni kuishi kwa gharama ndogo. Wanaoishi humo wana hesabu nyingine. Taarifa rasmi hupenda kusema "eneo la waliohamishwa". Wakaaji wenyewe husema kambi tu, nasi tunawafuata.

Gatumba ipo kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, palipo tambarare kati ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika. Rusizi hutoka ziwa Kivu na kumwaga maji yake hapo karibu. Ziwa lenyewe hupokea mito mingi, lakini lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga, ng'ambo ya pili, penye mji wa Kalemie nchini Kongo. Kwa kawaida maji hufikia kilele karibu na mwezi wa Mei, kisha hushuka polepole hadi Oktoba au Novemba. Mvua zikizidi miaka inayofuatana, ziwa huanza msimu mpya kabla halijamaliza kushusha maji ya msimu uliopita.

Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, yakiwemo yale ya Kinyinya II na Kigaramango. Mwaka 2021 ziwa likapanda. Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa kimataifa, baada ya mvua zilizoanza Septemba 2023 kuwahamisha watu wapatao 100,000 kote nchini. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: nyumba nyingi za Gatumba zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo. Maji yakikaa kwa wiki kadhaa, tofali huyeyuka na ukuta huanguka. Hivyo ardhi inapokauka, mwenye nyumba hukuta kiwanja tu.

Hema la kifamilia la shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, limekusudiwa watu 5. Eneo lake ni mita za mraba 23, vikihesabiwa vijichumba vya mbele na vya nyuma. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 zilizoezekwa. Familia ya watu 8 ndani ya hema hilo haifikii hata 3. Hema lenyewe limeundwa lidumu mwaka 1 au zaidi kidogo, na jua la bonde la Imbo halina huruma na kitambaa. Mchana ndani hakukaliki; usiku wa mvua, pasipochimbwa mfereji kulizunguka, maji hupita chini ya mikeka.

Hapo ndipo gharama zinapoanza. Turubai la kuziba matobo hununuliwa. Hema halina kufuli, kwa hiyo mtu mzima mmoja hubaki akilinda vitu badala ya kwenda kutafuta kazi. Anayefanya biashara ndogo sokoni mjini hulipa nauli kila siku, tena katika miaka hii ya uhaba wa mafuta. Mbabula hairuhusiwi kuwashwa ndani ya hema, kwa sababu ya moto na ya moshi wa makaa unaoua waliolala. Kisha kuna maradhi: kipindupindu, kilichotangazwa rasmi nchini Januari 2023, huwatafuta kwanza wanaotumia vyoo vichache na maji yasiyotosha. Kiwango cha chini ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku.

Kwa nini basi watu hawahami? Kwa sababu mwenye nyumba mjini hutaka pango la miezi kadhaa kwa mkupuo. Aliyepoteza nyumba, godoro na mtaji wa biashara huenda akalimudu pango la mwezi mmoja. La miezi sita hana. Baadhi ya mashirika yametoa fedha za pango badala ya turubai, na kwa maoni ya mwandishi huo ni msaada wenye akili zaidi, ila huisha miezi inapokwisha. Ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya waliohamishwa na mafuriko nchini hawamo kambini kabisa. Wamo kwa shangazi, kwa shemeji au kwa jirani wa zamani, na hao huhesabiwa kwa shida.

Wasikilizaji wetu kutoka Kongo huuliza kwa nini wao hawaruhusiwi kupiga mahema karibu na mpaka, jirani na ndugu zao wa Buyenzi. Sheria zinazowahusu ni tofauti: mkimbizi yuko chini ya ofisi ya serikali iitwayo ONPRA pamoja na UNHCR, na desturi ni kumweka mbali na mpaka. Gatumba inajua sababu yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya Wakongomani 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya muda iliyokuwa hapo. Ndiyo maana waliovuka Rusizi mwanzoni mwa 2025 na kurundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo walielekezwa Musenyi, eneo la Rutana, kusini-mashariki mwa nchi.

Kwa Mrundi aliyehamishwa na maji, njia ya kutoka hemani mara nyingi huwa kiwanja kipya mbali na ziwa. Anayepewa kiwanja hicho aulize mambo matatu kabla ya kukunja hema: ni karatasi gani inayothibitisha kuwa ni chake, bomba la maji liko wapi, na watoto watasoma shule ipi.