BETRI NYUMA, HEWA JUU: FUNZO LA SAFARI RALI KWETU SIMIYU



Kila mtu wa Bariadi anaijua mbuga. Udongo wake mweusi ukikauka hupasuka. Ukinyeshewa hushika gurudumu kama gundi. Kwa hiyo tunayo haki ya kuizungumzia historia ya mashindano ya magari ya Afrika ya Mashariki, maana sifa yake ilitokana na tope la namna hiyo.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katika mvua za masika. Mwaka 1963 yalifika mwisho magari 7 tu, na mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Waliolibuni gari hilo huko Ufaransa waliilaza injini kwa pembe ya digrii 45, ili uzito ukae chini na boneti isiinuke. Waingereza nao, katika Mini ya mwaka 1959, waliiweka betri kwenye buti, kwa kuwa injini ilikuwa imejaza nafasi yote ya mbele na uzito umeelemea huko.

Mafundi wa mashindano waliiendeleza fikra hiyo. Betri ikihamishiwa nyuma, magurudumu ya nyuma hukandamizwa zaidi, na gari linalosukumwa na magurudumu hayo halitelezi ovyo. Miaka ya 1990 Toyota Celica za Safari zilikuwa na bomba la kuvuta hewa lililopandishwa juu, usawa wa kioo cha mbele. Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Celica mwaka 1994. Sababu kuu ya bomba hilo ni hii: maji hayabanwi kama hewa. Injini ikiyameza mtoni, pistoni hugota na chuma kinachoishika hupinda.

Lakini kila uhamisho una gharama yake. Betri ikienda nyuma, waya mnene hauna budi kupita gari zima. Ukisugua bati hadi ngozi yake itoke, umeme hukimbilia kwenye bodi, na moto huanza.

Nimeliona hilo kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa safarini kikazi kati ya Maswa na Bariadi, gari la kijana mmoja liliwaka mbele yetu. Betri ilikuwa imehamishwa bila fyuzi, na waya umepitishwa chini ya zulia. Kijana tulimtoa salama; gari liliteketea. Nilipomwuliza kwa nini aliihamisha, alijibu kwamba magari ya rali hufanywa hivyo.

Fundi wa rali alijua kwanza tatizo lake, kisha akashika spana. Kijana yule alianza na spana. Wanafunzi, somo la umeme mnalofundishwa katika fizikia si la mtihani peke yake.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya tu. Mbuga zimebaki kwetu, na magari ya pamba yangali yanazipita. Naomba basi wenzetu walio mafundi, siku tutakapokutana shuleni, watenge saa moja wakae na vijana mbele ya boneti iliyo wazi.