Reli na Picha za Zambezi

Kamera ilifika Zambezi mapema, lakini mahali pa kusimamia palichaguliwa na reli. Mwaka 1862 msafiri na mpiga picha James Chapman alifika Maporomoko ya Victoria pamoja na mchoraji Thomas Baines. Enzi hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigiwa picha na kusafishwa gizani kabla halijakauka. Picha ya kuridhisha ya maporomoko Chapman hakuipata. Reli ilifika mwaka 1904, hoteli ikafunguliwa mwaka uleule, na mwaka 1905 daraja likakamilika jirani kabisa na maporomoko, manyunyu yakiyafikia mabehewa. Tangu hapo abiria, mpiga picha na muuza postikadi wakawa wanaelekea sehemu zilezile.

Mtu atasema Baines alikwisha kuzichora mandhari hizo, na michoro yake ikachapishwa London mwaka 1865. Kweli, tena ni mizuri. Lakini Baines alizunguka kwa miguu akachora pembe nyingi, hata nyati wakitimka ukingoni mwa korongo. Mtalii alishushwa kituoni, akaonyeshwa daraja na ukungu. Waleya, wenyeji wa eneo hilo wenye mahali pao pa ibada papo hapo, mara nyingi walibaki nje ya picha.