Tumbawe: Jiwe au Mnyama?

Mwalimu wa Busi, wilayani Kondoa, aliye mbali na bahari, hulipata neno tumbawe kitabuni tu. Basi maana tutakayoiandika ndiyo atakayoifundisha. Kwa mafundi wa pwani tumbawe lilikuwa jiwe jepesi, likatwalo baharini lingali bichi na laini, kisha likachongwa. Nakshi za Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, ni ushahidi. Mengine yalichomwa yakawa chokaa. (Marijani ni neno la masonara, nalo tuliache.)

Mwaka 1994 Tanzania ilitunga sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari. Kilichokusudiwa kulindwa hapo si jiwe, bali wanyama wadogo wanaojijengea jiwe hilo. Joto la bahari la mwaka 1998 liliwafanya wautoe mwani unaoishi mwilini mwao na kuwalisha. Wakapauka, na wengi wakafa. Mfasiri aandikaye kwamba matumbawe "yalichakaa" amelipotosha tukio zima. Kwa maoni yangu tuandike matumbawe wamekufa, kwa upatanisho wa viumbe hai, na jengo lao tuliite mwamba wa matumbawe. La sivyo, mvuvi wa baruti atasomeka kana kwamba amevunja mawe tu.