Mwalimu redioni, mama mezani

Wazazi vijana wakikutana siku hizi, iwe kwenye harusi au kwenye foleni ya benki, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ada. Shule hii imepandisha tena, shule ile inamwamsha mtoto saa kumi alfajiri ili awahi basi, na akirudi jioni bado kuna tuisheni. Hapo hakosekani mmoja wa kusema: “Mimi wangu nitamfundisha mwenyewe nyumbani.” Basi ubishi unawaka. Kuna wanaosema mtoto wa namna hiyo atakuwa mpweke na hesabu hatazijua. Kuna wanaojibu kwamba shule zenyewe zimegeuka viwanda vya kufaulisha mitihani.

Ukisikiliza vizuri utagundua wote wanakubaliana jambo moja: kwamba njia ni mbili tu, nyumbani au shuleni. Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea. Njia ya tatu ipo. Mtoto anasomea nyumbani sehemu kubwa ya juma, kisha kwa saa chache au siku chache anafundishwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Wala si jambo la jana. Wapo watu walioishi hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, si kwa sababu waliichukia shule bali kwa sababu shule ilikuwa mbali mno. Watu hao ni wa Australia, na historia yao ina fundisho ambalo tungelizingatia kabla ya kuendelea kubishana.

Tuanze na ukubwa. Australia ina kilomita za mraba karibu milioni 7.7, yaani chukua Tanzania nane uziunganishe. Wakazi wake wengi mno wamejazana mijini, hasa pwani. Ndani huko ni nyika kavu na ranchi za ng'ombe na kondoo. Ranchi moja tu, Anna Creek, kabla ya kugawanywa mwaka 2016 ilikuwa na takriban kilomita za mraba 24,000, karibu mara kumi ya Unguja na Pemba ukizijumlisha. Hiyo ni ranchi moja, yenye nyumba chache na watoto wachache.

Sasa jimbo la Victoria lilipitisha sheria mwaka 1872 kwamba elimu ya msingi ni ya bure, ni ya lazima na haifungamani na dini. Majimbo mengine nayo yakafuata kwa mwendo wao. Sheria nzuri. Lakini mtoto wa ranchi aende shule ipi? Umbali wa kutembea siku mbili hauwezi kufutwa na sheria.

Majaribio yalikuwa yameanza hata kabla ya hapo. Kuanzia mwaka 1867, New South Wales ilikuwa na shule za nusu muda. Mwalimu mmoja alikuwa na shule mbili, akifundisha huku kisha anahamia kule, na siku ambazo hayupo watoto walibaki na kazi za kufanya nyumbani. Mwaka 1901 Queensland ikatuma mwalimu wa kuzunguka na mkokoteni wa farasi. Alifika kwenye familia, akafundisha, akaacha vitabu na mazoezi, akaondoka. Kurudi ni baada ya miezi.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mwalimu akishaondoka, ni nani aliyehakikisha mazoezi yanafanyika? Ni nani aliyemwambia mtoto, kaa chini, kalamu hii hapa, herufi hii umeigeuza? Ukiusoma mfumo huu hatua kwa hatua, utamkuta huyo mtu kila mahali, ingawa kwenye hotuba za ufunguzi hatajwi. Kwa kawaida alikuwa mama.

Mwaka 1914 Victoria ilianza masomo kwa njia ya posta, na majimbo mengine yakaiga. Bahasha iliondoka mjini na masomo ya siku kadhaa, ikafika ranchini, ikafanyiwa kazi kwenye meza ya jikoni, ikarudi kwa mwalimu kusahihishwa. Mwalimu aliujua mwandiko wa mtoto lakini sauti yake hakuwahi kuisikia. Mtoto naye alikuwa na mwalimu asiye na uso. Na kosa alilofanya Jumatatu, masahihisho yake yaliweza kumfikia wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshasahau hata swali.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka wizara ya elimu. Kilitokana na ugonjwa. Mwaka 1928, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika mji wa Cloncurry, Queensland. (Amref, inayofahamika kwetu kwa kazi kama hiyo, ilianzia Nairobi mwaka 1957.) Lakini ndege ina faida gani kama mgonjwa hawezi kuiita? Fundi Alfred Traeger akatengeneza redio ya upepo isiyohitaji umeme wa gridi. Ilikuwa na pedeli kama za baiskeli. Unakanyaga, inazalisha umeme, unawasiliana. Mwaka 1929 redio hizo zikaanza kufungwa ranchini. Kwa mara ya kwanza watu wa nyika wakaweza kuwasiliana na daktari, na baadaye kuzungumza wao kwa wao.

Katika miaka ya 1940, mwanamama aitwaye Adelaide Miethke, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule na sasa akiwa kwenye uongozi wa huduma ile ya madaktari huko South Australia, aliona jambo. Watoto wa ranchini walikuwa waoga mbele ya watu. Hawakuzoea kusikia watoto wenzao. Akajiuliza: kama redio hii inamwita daktari, kwa nini isimwite mwalimu? Majaribio yakafanyika, na tarehe 8 Juni 1951 Shule ya Hewani ikafunguliwa rasmi Alice Springs, mji ulio katikati kabisa ya bara lile, karibu kilomita 1,500 kutoka Adelaide. Mwaka 1956 Broken Hill nayo ikapata yake, na nyingine zikafuata.

Ni muhimu kuelewa ilivyofanya kazi, maana wengi wakisikia “shule ya redio” wanadhani mtoto alishinda akisikiliza. Hapana. Vipindi vya redio vilikuwa vya nusu saa, tena si vingi kwa juma. Mwanzoni mwalimu alizungumza peke yake, halafu kikaongezwa kipindi cha maswali na majibu. Hapo mtoto aliye kilomita mia nne kusini akamsikia mwenzake wa kaskazini akikosea jibu, naye akacheka, akajua kumbe hayuko peke yake duniani. Kazi nyingine yote, kusoma, kuandika, hesabu, iliendelea mezani kwa masomo yale yale ya posta. Baadaye ukawepo utaratibu wa watoto kukutana mjini kwa siku chache mara kadhaa kwa mwaka, na walimu kusafiri kuwatembelea majumbani. Kuanzia miaka ya 2000 redio ikaziachia nafasi satelaiti na intaneti, na sasa mwalimu anaonekana kwenye skrini. Shule ya Alice Springs peke yake inahudumia eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.3, kubwa kuliko Tanzania nzima.

Teknolojia imebadilika mara tatu, kutoka mkokoteni hadi bahasha, redio na satelaiti. Kitu kimoja hakijabadilika: mtu anayekaa pembeni ya mtoto. Wenyewe wanamwita mwalimu wa nyumbani. Ni mama, au binti aliyeajiriwa na familia kwa kazi hiyo. Yeye ndiye anayefungua masomo, anayeisoma ratiba, anayejua leo mtoto ana homa na leo anadanganya kwamba ana homa. Mwalimu wa mjini anamiliki somo. Huyu anamiliki siku. Ukimwondoa mmoja wao, hakuna shule.

Lakini mmoja ana mshahara na pensheni, mwingine hana. Na huyo asiye na mshahara ana kazi nyingine zote za ranchi zinamsubiri. Mwaka 1971, wakati wafugaji wamebanwa na ukame na bei mbovu ya sufu, wazazi walikutana katika mji wa Bourke, New South Wales, wakaunda chama cha wazazi wa watoto walio mbali na shule. Mwaka 1973 serikali kuu ikaanzisha posho ya kuzisaidia familia hizo kubeba gharama za masomo. Ushindi, naam. Ila posho ya gharama si malipo ya kazi, na chama hicho kimeendelea kwa miaka mingi kudai kwamba kazi ya mwalimu wa nyumbani itambuliwe kwa posho yake yenyewe.

Upo upande mwingine ambao sifa za Shule ya Hewani huuruka. Ili mfumo ufanye kazi, nyumbani lazima awepo mtu mzima anayesoma Kiingereza vizuri, mwenye nafasi ya kukaa na mtoto, na redio. Katika ranchi zile zile waliishi wenyeji wa asili wa nchi ile, Waaborijini, wengi wao wakiwa ndio wachungaji wa ng'ombe wenyewe. Katika miongo ya mwanzo watoto wao kwa sehemu kubwa hawakuwamo kwenye darasa hili la hewani. Mawimbi yalipita juu ya vichwa vyao wote sawa, lakini meza ilikuwa ya baadhi tu.

Kuna watakaosema hayo ni ya nyika, mjini ni tofauti. Basi tutazame Texas, Marekani, ambako shule zipo kila kona na sababu ya kubaki nyumbani haikuwa umbali bali imani na msimamo wa wazazi. Huko waliosomesha nyumbani walishtakiwa kwa utoro wa watoto wao. Mwaka 1985 familia kadhaa zikafungua kesi, zikashinda mwaka 1987, na Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikathibitisha ushindi huo mwaka 1994. Katikati ya mvutano huo, mwaka 1993, ikafunguliwa mjini Arlington shule ya Grace Preparatory Academy: siku mbili au tatu za juma darasani na mwalimu, siku zilizobaki nyumbani na mzazi kwa kazi aliyoipanga mwalimu. Ni mgawanyo ule ule wa ranchini, ila bila redio. Shule za namna hiyo zimeenea tangu hapo, na mara nyingi mzazi hulipa mara mbili: analipa ada, kisha anatoa siku zake za kazi.

Na serikali je? Familia moja ya Oklahoma iliomba mtoto wao anayesomea nyumbani ahudhurie masomo machache tu kwenye shule ya umma. Wakakataliwa, kwa hoja kwamba shule hailipwi na jimbo kwa mwanafunzi wa nusu muda, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikakubaliana na shule. Majimbo mengine, kama Iowa, yaliruhusu kwa sheria. Unaona? Swali halikuwa kama mtoto anaweza kujifunza namna hiyo. Swali lilikuwa ni nani anahesabiwa na nani analipa.

Sasa turudi kwetu, maana fundisho hili si geni hata kidogo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Hawakuachwa na redio peke yao. Walikaa katika vikundi, wakiwa na kitabu, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Viongozi hao walikuwa makumi ya maelfu. Walioipanga walijua kwamba sauti ya redio bila mtu wa kuuliza “tumeelewa nini?” ni kelele nzuri tu.

Halafu ikaja Machi 2020. Korona ikafunga shule. Tanzania zilifungwa hadi tarehe 29 Juni, wakitangulia kidato cha sita na vyuo. Kenya madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni. Mwalimu alikuwepo, somo lilikuwepo. Lakini mwalimu yule hakujua jina la mtoto, daftari halikurudi kusahihishwa, na pembeni ya mtoto mara nyingi hapakuwa na mtu, kwa sababu mama alikuwa sokoni akitafuta chakula cha jioni. Ndiyo maana wengi wakatoka pale wakisema elimu ya nyumbani imeshindikana. Jamani, haikujaribiwa. Kilichojaribiwa ni nusu yake.

Kwa hiyo rafiki yangu anayetaka kumtoa mtoto shule simwambii aache, wala simwambii afanye. Namwuliza maswali ambayo wazazi wa Bourke waliyauliza mwaka 1971. Nani atakaa mezani saa nne asubuhi, Jumanne, mvua ikinyesha? Mshahara wake utatoka wapi? Akikwama kwenye sehemu na desimali, mwalimu yupi atapokea simu? Mara nyingi baba wa nyumba huwa ndiye mwenye hoja nzito kuhusu ubovu wa shule, na jibu la swali la kwanza huwa ni mke wake, ambaye hajaulizwa.

Tuanze kwa kumwuliza yeye.