Masafa ya Mruko

Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya ofisi na shule za mji wa Kolwezi katika Katanga, masafa yaliyopimwa moja kwa moja pasipo kufuata barabara wala reli huyataja kwa mruko wa ndege, na anayekusudiwa ni ndege mwenye manyoya; lakini mkazi wa mtaa wa Musonoi mjini humo akiyageuza maneno hayo kwa Kiswahili hupata faida asiyoitarajia, kwa kuwa neno letu moja humtosha kiumbe na chombo pia, ijapokuwa mtaani wako wakiitao chombo avio. Kwa sababu hiyo nimechagua kusema "masafa ya mruko", nikaliacha "umbali wa ndege", ambalo msikilizaji aweza kulidhani ni habari ya ndege iliyo mbali.

Masafa hayo hayapatikani kwa kulaza rula juu ya ramani. Ardhi ni tufe, na njia iliyo fupi kuliko zote baina ya miji miwili ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha ardhi yenyewe. Kutoka Kolwezi hadi Kinshasa kipande hicho ni daraja 12 hivi, na kwa kuwa kila daraja ni kilomita 111, jumla yake ni kilomita 1,300 na ushei.

Wahenga walikuwa na neno "mwendo", nao waliposema mwendo wa siku kumi walikuwa wamekwisha kutaja masafa na muda kwa pamoja. Wala haikuwa kasoro, maana misafara iliyokwenda Bunkeya kwa mfalme Msiri kutafuta shaba na pembe ilitembea kwa miguu ya wapagazi, na miguu haina kasi nyingi za kuchagua.

Ndege ndiyo iliyouvunja muungano huo. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels, akawasili Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, baada ya siku 51, hali ya kuwa saa alizokuwa hewani zilikuwa 75 hivi tu. Siku nyingine zote zilikwisha chini, kwa matengenezo na kungojea. Hapo ndipo "muda wa mruko" na "muda wa safari" yanapolazimika kuwa maneno mawili, na mwandishi wa ratiba anayeyachanganya humdhulumu abiria.

Na lipo jambo la tatu, ambalo wageni hulisahau: saa za Kinshasa ziko nyuma ya saa za Katanga kwa saa moja. Aondokaye Kinshasa saa 2 asubuhi, akakaa angani saa mbili, huteremka Kolwezi saa 5. Naye akirejea saa hiyohiyo 5 kwa muda uleule, hukuta Kinshasa ni saa 6, akarudishiwa ile saa aliyoiacha njiani.